Nyama ya Kuchemsha: Moto Unachoweza na Usichokiweza

Katika kaya nyingi za Afrika Mashariki, nyama huanza safari yake ya kuelekea mezani kwa kuchemshwa. Iwe hatimaye itakuwa mchuzi, pilau, supu ya asubuhi au nyama ya kukaanga, mpishi kwanza huitia katika maji pamoja na chumvi na tangawizi, akaifunika na kuiacha itokote mpaka ilainike. Utaratibu huo umejenga imani kwamba nyama iliyochemka imekwisha kuwa salama, na kwamba itaendelea kuwa salama mpaka itakapoliwa. Nusu ya kwanza ya imani hiyo ina ukweli mkubwa. Nusu ya pili ndiyo inayowaletea watu maradhi.

Uzito wa jambo hili si mdogo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa makadirio yake ya kwanza ya kimataifa kuhusu maradhi yatokanayo na chakula. Ilikadiriwa kuwa watu milioni 600 huugua kila mwaka na 420,000 hufariki, wakiwemo watoto 125,000 walio chini ya umri wa miaka mitano. Kwa kulinganisha na idadi ya watu, Afrika ndiyo iliyoonekana kubeba mzigo mkubwa kuliko maeneo mengine. Nyama si chanzo pekee cha maradhi hayo, lakini ni miongoni mwa vyakula ambavyo vimelea huvipenda zaidi, kwa kuwa vina maji na protini kwa wingi.

Makala haya yanaeleza kazi ambayo maji yanayochemka huifanya juu ya nyama, mipaka ya kazi hiyo, na sababu inayofanya saa chache baada ya sufuria kuepuliwa ziwe na hatari kuliko saa zote ilizokaa motoni.

Kazi ya maji ya moto

Bakteria wengi wanaosababisha kuharisha, wakiwemo Salmonella, Campylobacter na aina hatari za Escherichia coli, huishi katika utumbo wa mifugo na kuku. Huifikia nyama wakati wa kuchinja, kuchuna na kupasua tumbo. Bakteria hawa hawastahimili joto: protini zilizomo ndani ya miili yao huharibika kama ute wa yai unavyoganda katika maji ya moto, na kiumbe hufa.

Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba kila sehemu ya nyama ifikie angalau nyuzijoto 70 za Selsiasi. Kiwango hicho kikidumu kwa dakika 2 hupunguza bakteria aitwaye Listeria, ambaye ni hatari hasa kwa wajawazito, kwa kiasi cha mara milioni moja. Lava za minyoo tegu zilizojificha ndani ya nyama ya nguruwe au ya ng'ombe, pamoja na vimelea vya Toxoplasma, navyo huangamia kabla ya kufikia nyuzi 70.

Kwa kuwa maji huchemka katika nyuzi 100 usawa wa bahari, kuchemsha humpa mpishi akiba ya nyuzi 30 juu ya kiwango kinachohitajika. Zaidi ya hayo, maji huizunguka nyama pande zote, tofauti na mkaa ambao huweza kuunguza upande mmoja huku mwingine ukibaki mbichi. Kwa sababu hizo mbili, kuchemsha ni miongoni mwa njia za kuaminika zaidi za kupika nyama katika jiko la kawaida.

Inafaa pia kufahamu kwamba maji yakishaanza kuchemka, kuongeza kuni hakuyapandishi joto. Moto wa ziada huyafanya yageuke mvuke kwa kasi zaidi tu. Sufuria iliyofunikwa na kutokota polepole huua vimelea sawa na ile inayofurika kwa povu, na hutumia kuni au gesi kidogo.

Joto lazima lifike katikati

Nyuzi 100 ni joto la maji, si joto la nyama. Pande la nyama linapotiwa katika maji yanayochemka, nje yake hupata joto mara moja, lakini katikati husubiri mpaka joto lipenye polepole kutoka nje. Unene ndio unaoamua muda wa kusubiri. Pande likiwa na unene maradufu, muda wa joto kufika katikati hauongezeki mara mbili. Huongezeka takriban mara nne. Hivyo dakika zinazotosha kwa vipande vidogo vya mchuzi haziwezi kutosha kwa paja zima la mbuzi.

Nyama iliyoganda kwa barafu huongeza tatizo. Kwanza hupoza maji yaliyomo sufuriani, kisha hutumia joto jingi kuyeyusha barafu kabla ya kuanza kuiva. Mpishi anayehesabu muda tangu alipoitia nyama sufuriani anaweza kuipua wakati nje imelainika na kiini kingali baridi. Muda uhesabiwe tangu maji yanapoanza kuchemka upya, na nyama iyeyushwe kwanza ndani ya jokofu, si juu ya meza ya jikoni.

Nyama ya kusaga inahitaji uangalifu wa pekee. Katika mnofu mzima wa ng'ombe, bakteria wengi hubaki juu ya uso, mahali ambapo maji ya moto huwafikia mara moja. Mashine ya kusagia huuchanganya uso huo na ndani, na bakteria huenea kila mahali. Mwaka 1993 huko Marekani, nyama ya kusaga ambayo haikuiva vya kutosha iliambukiza zaidi ya watu 700 aina ya E. coli iitwayo O157:H7, na watoto 4 walifariki. Kababu na vidonge vya nyama vinavyopikwa ndani ya mchuzi lazima viive mpaka kwenye kiini.

Rangi ya nyama si shahidi wa kuaminika. Nyama inaweza kugeuka kahawia kabla ya kufikia nyuzi 70, na inaweza kubaki na wekundu hata baada ya kuvuka kiwango hicho, hasa karibu na mfupa wa kuku. Kipimajoto cha jikoni ndicho kinachotoa jibu la hakika. Pale ambapo hakipo, mpishi akate pande nene kuliko yote, au paja la kuku karibu na mfupa, aone kwamba mvuke unatoka katikati, maji yake hayana damu na nyama inaachana na mfupa bila kung'ang'ania.

Maji yanayochemka katika nyanda za juu

Wakazi wa nyanda za juu hufahamu kwamba maharage na nyama huchelewa kulainika kuliko pwani. Sababu ni mgandamizo wa hewa, ambao hupungua kadiri mtu anavyopanda. Kiwango cha kuchemka kwa maji hushuka kwa takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko. Dar es Salaam na Mombasa maji huchemka katika nyuzi 100. Arusha, iliyo kwenye mita takriban 1,400, ni karibu na nyuzi 95. Mbeya na Nairobi, zilizo kwenye mita 1,700 hadi 1,800, ni karibu na nyuzi 94.

Tofauti hii isitie hofu kuhusu bakteria wa kawaida. Hata juu ya kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, maji huchemka katika takriban nyuzi 80, ambazo bado zinazidi zile 70 zinazohitajika. Linalobadilika ni muda: joto huchelewa kidogo kupenya, na mishipa migumu ya nyama huchelewa kulainika, kwa hiyo nyama ikae motoni muda mrefu zaidi. Jiko la presha huondoa tatizo hilo, kwa kuwa huzuia mvuke kutoka na kuyafanya maji yafikie hadi nyuzi 120 hivi kabla ya kuchemka.

Hatari zinazotangulia sufuria

Moto humlinda mlaji dhidi ya kilichomo ndani ya sufuria. Haumlindi aliyechinja, aliyechuna wala aliyekata nyama hiyo kabla haijafika jikoni.

Mfano ulio wazi ni kimeta, maradhi ya mifugo na wanyamapori ambayo hujitokeza mara kwa mara katika baadhi ya maeneo ya kaskazini mwa Tanzania na ya Kenya. Ng'ombe au mbuzi anapokufa ghafla, baadhi ya watu humchuna na kugawana nyama yake wakiamini kwamba wakiichemsha sana hapatakuwa na madhara. Wengi wanaougua kimeta huambukizwa kupitia ngozi, kwa kushika damu, nyama au ngozi ya mnyama huyo. Kidonda chenye gamba jeusi huanzia mkononi siku chache baada ya kumchuna, hata kama nyama yenyewe haikuliwa. Kuchemsha kwa saa nyingi hakuwezi kumsaidia mtu ambaye maambukizi yalimwingia kupitia mchubuko wa kidole. Vilevile, bakteria wa kimeta wakikutana na hewa hutengeneza mbegu ngumu zinazoweza kudumu katika udongo kwa miaka mingi, hivyo kumpasua kibudu ni kuipanda hatari hiyo katika malisho.

Homa ya Bonde la Ufa inafundisha jambo hilo hilo. Katika mlipuko wa mwaka 2006 na 2007 uliozikumba Kenya, Somalia na Tanzania, kushika damu na viungo vya mifugo walioambukizwa, na kuwachinja, vilikuwa miongoni mwa njia kuu za maambukizi. Kirusi cha homa hiyo hufa kwa kupikwa, lakini mchinjaji hukutana nacho kikiwa hai.

Kwa upande wa tegu wa nguruwe, kuna jambo ambalo mara nyingi halieleweki. Mtu anayekula nyama ya nguruwe yenye lava bila kuiva hupata mnyoo mkubwa utumboni. Maradhi ya ubongo yanayosababisha kifafa hutokana na kumeza mayai ya mnyoo huyo, ambayo hutoka katika kinyesi cha binadamu mwenye tegu na kufika mdomoni kupitia mikono, maji au mboga. Kwa hiyo hata mtu ambaye hajawahi kula nguruwe anaweza kuugua. Kuichemsha nyama hiyo vizuri huzuia hatua ya kwanza. Choo bora na kunawa mikono huzuia ya pili.

Hata ndani ya jiko, bakteria huweza kuukwepa moto. Maji ya kuoshea kuku yakiruka hufika kwenye vyombo na mboga zilizo karibu. Kisu na ubao uliokatia nyama mbichi ukitumiwa kukatia nyanya na vitunguu vya kachumbari, bakteria huhamia kwenye chakula ambacho hakitapita motoni kamwe. Kuku ataiva, na kachumbari ndiyo itakayowaumiza walaji.

Vinavyosalimika: spora

Ikiwa mnyama alikuwa mzima, nyama ilikaguliwa, ubao ulikuwa safi na pande limeiva mpaka katikati, bado kuna kundi moja la viumbe ambalo maji yanayochemka hayaliondoi. Baadhi ya bakteria, wanapobanwa na njaa au mazingira magumu, hujifungia ndani ya gamba zito na kusitisha shughuli zote za uhai. Umbo hilo huitwa spora. Linafanana na mbegu ya mmea inayosubiri ardhini: kiangazi chote hupita juu yake, na mvua ikinyesha huota.

Anayehusika zaidi na nyama ni Clostridium perfringens. Huishi katika udongo, vumbi na utumbo wa binadamu na wanyama, kwa hiyo mpishi hana njia ya kuhakikisha kwamba nyama yake haina spora hata moja. William Welch na George Nuttall walimweleza bakteria huyu nchini Marekani mwaka 1892, lakini nafasi yake katika chakula ilieleweka vema baadaye sana. Mwaka 1953, Betty Hobbs na wenzake nchini Uingereza walichapisha uchunguzi wa milipuko ya kuharisha iliyotokea baada ya milo ya nyama. Sura moja ilijirudia: nyama ilipikwa siku iliyotangulia, ikaachwa ipoe polepole, kisha ikaliwa siku ya pili ikiwa baridi au ikiwa imepashwa moto kidogo. Walipozijaribu spora za bakteria hao katika maabara, zilistahimili kuchemshwa kwa saa nzima na zaidi.

Kuchemsha si kwamba hushindwa tu kuziua spora hizo, huziandalia mazingira. Kwanza, joto lenyewe huziamsha kutoka usingizini. Pili, huua bakteria wengine ambao wangeshindana nazo kwa chakula. Tatu, hufukuza hewa kutoka katika maji na nyama, na bakteria huyu hustawi mahali pasipo na oksijeni. Sufuria ya nyama iliyochemka na kuepuliwa ni kama shamba lililokwisha kufyekwa, kulimwa na kumwagiliwa maji: mbegu iliyobaki haina wa kushindana naye.

Sufuria kubwa na usiku mrefu

Wakati nyama ingali inachemka, spora hazioti. Joto linaposhuka chini ya nyuzi 50 ndipo zinapoota na kuzaana, na kasi yao huwa kubwa zaidi kati ya nyuzi 43 na 47. Katika hali hiyo nzuri kwao, bakteria mmoja anaweza kugawanyika kuwa wawili kwa muda wa dakika 10 hivi. Hesabu yake ni nyepesi: mmoja akijigawa kila dakika 10, baada ya saa 3 watakuwa 262,144, na baada ya saa 4 watakuwa wamevuka milioni 16. Mlaji hawezi kuwatambua, kwani mara nyingi mchuzi hauchachi, haunuki na ladha haibadiliki.

Hapa ndipo ukubwa wa sufuria unapokuwa suala la kitabibu. Bakuli la mchuzi hupoa kwa haraka. Sufuria kubwa ya shughuli, iliyojaa nyama na mchuzi na kufunikwa, hupoteza joto polepole mno, kwa sababu kilichomo ndani ni kingi na uso wa kutolea joto ni mdogo. Ikiachwa jikoni usiku kucha katika hali ya hewa ya joto, katikati yake huweza kubaki vuguvugu kwa saa nyingi, ndani ya kiwango kile kile ambacho bakteria hukipenda.

Shughuli za misiba, harusi na sherehe za dini huwa na mazingira hayo. Nyama ya watu mia mbili huchemshwa jioni ili kupunguza kazi ya asubuhi, hufunikwa ndani ya mchuzi wake, kisha hupashwa moto kabla ya kuandaa pilau au mchuzi. Nia ni njema na nyama imeiva vizuri. Hata hivyo, kosa moja la upoozaji hugawiwa kwa kila sahani, na watu wengi huugua kwa wakati mmoja.

Maradhi yenyewe huanza saa 6 hadi 24 baada ya kula. Bakteria walio hai hufika utumboni kwa wingi, hutengeneza spora upya, na wakati huo huachia sumu inayosababisha msokoto wa tumbo na kuharisha maji. Homa na kutapika si kawaida. Wengi hupata nafuu ndani ya siku moja, lakini kwa mtoto mdogo, mzee au mtu aliyedhoofishwa na maradhi mengine, upungufu wa maji mwilini huweza kuwa hatari kwa maisha.

Kupasha moto na mipaka yake

Wengi watauliza: je, kuchemsha tena asubuhi hakuondoi madhara hayo? Kwa Clostridium perfringens, jibu ni ndiyo kwa sharti moja. Bakteria waliokwisha kuota hawana tena gamba la spora, nao hufa iwapo chakula chote, si pembezoni tu, kitafikia zaidi ya nyuzi 70. Tatizo ni kwamba sufuria kubwa ya kiporo mara nyingi huonekana ikitoa mapovu pembeni wakati katikati ni vuguvugu, na chakula huanza kupakuliwa.

Kwa bakteria wengine jibu ni hapana. Staphylococcus aureus huishi puani na juu ya ngozi za watu wengi wenye afya, na huwa wengi zaidi katika majipu na vidonda vya mikono. Mpishi anapoichambua kwa mikono nyama iliyokwisha kuiva, huweza kuwapandikiza humo. Nyama ikikaa nje kwa saa kadhaa, bakteria hawa huachia ndani ya chakula sumu ambayo hustahimili kuchemshwa kwa nusu saa. Kupasha moto kutawaua waliotengeneza sumu na kuiacha sumu yenyewe. Mlaji huanza kutapika kwa nguvu kati ya nusu saa na saa 8 baada ya kula. Bacillus cereus, ambaye spora zake hupatikana sana katika mchele, hufanya vivyo hivyo katika wali na pilau vilivyoachwa nje, na sumu yake ya kutapisha hustahimili joto kubwa zaidi.

Ndimu, pilipili na viungo huongeza ladha, lakini kwa kiasi kinachotumiwa mezani havina uwezo wa kuitakasa nyama iliyoharibika. Aidha, mpishi asitegemee kuchemsha kuondoa mabaki ya dawa za mifugo katika nyama; kinga yake ni mfugaji kusubiri muda ulioelekezwa na daktari wa mifugo kabla ya kuchinja.

Yanayopaswa kufanywa

Kabla ya kupika, nyama inunuliwe mahali inapokaguliwa na yenye muhuri wa mkaguzi. Mnyama aliyekufa mwenyewe asichunwe wala kuliwa. Taarifa ipelekwe kwa ofisa mifugo. Nyama ikatwe vipande vinavyolingana ili viive pamoja. Visu na mbao za nyama mbichi zitengwe na zile za kachumbari, au zioshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya matumizi mengine.

Wakati wa kupika, sufuria ifunikwe, igeuzwe mara kwa mara, na pande nene kuliko yote ndilo lipimwe. Muuza supu ambaye chungu chake kinafukuta juu ya makaa tangu alfajiri hana kosa, mradi supu yote ibaki juu ya nyuzi 60, yaani ya moto kiasi cha kutoa mvuke wakati wote. Anapoongeza nyama mbichi au maji, chungu kirudishwe kwenye mchemko kamili na nyama hiyo iive kabla ya kumhudumia mteja anayefuata.

Baada ya kupika, sheria kuu ni kwamba nyama ama iwe ya moto sana, ama iwe baridi sana. Isikae katikati kwa zaidi ya saa 2. Inayosubiri walaji iachwe juu ya moto mdogo. Ya kuhifadhiwa itolewe katika sufuria kubwa na kugawanywa katika sinia au vyombo vipana, kina chake kisizidi sentimita 5 hivi, na mchuzi utengwe. Chombo cha mchuzi kikiwekwa ndani ya beseni la maji baridi na kukorogwa, hupoa kwa haraka zaidi. Kisha viingizwe katika jokofu lenye joto lisilozidi nyuzi 5. Kuingiza sufuria kubwa ya moto jokofuni hakusaidii: katikati yake itaendelea kuwa vuguvugu, na itapasha joto vyakula vingine vilivyomo.

Kaya isiyo na jokofu ipike kiasi kitakacholiwa katika mlo huo, kwa sababu kiporo cha nyama kilicholala nje hakina njia ya kuhakikishwa usalama wake. Kamati ya chakula ya msiba au harusi nayo ipange ratiba kwa kuhesabu kurudi nyuma kuanzia saa ya kula: mnyama achinjwe alfajiri, nyama ichemshwe asubuhi na iende moja kwa moja kwenye pilau au mchuzi. Sufuria tatu za wastani ni salama kuliko moja kubwa kupita kiasi. Mwenye jipu au kidonda mkononi, au anayeharisha, apewe kazi nyingine isiyogusa chakula.

Kiporo kilichohifadhiwa vizuri kipashwe mara moja tu, kikorogwe mpaka chote kichemke, na kitakachobaki baada ya hapo kitupwe.

Mtu anapougua

Mgonjwa anayeharisha au kutapika apewe kwanza vinywaji kwa wingi, hasa mchanganyiko wa ORS, kidogo kidogo na mara kwa mara. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonyeshwa. Antibiotiki zisitumiwe kwa kubahatisha, kwani haziondoi sumu iliyokwisha kumezwa, na katika maambukizi ya E. coli O157:H7 huweza kuongeza hatari ya kuharibika figo. Mgonjwa afikishwe kituo cha afya bila kuchelewa akiwa na damu kwenye choo, homa kali, kutapika kusikokoma, kiu kali pamoja na kukosa mkojo, kulegea au kuchanganyikiwa. Pia mtoto mchanga, mjamzito na mzee wasisubiri dalili hizo. Aliyemchuna mnyama aliyekufa ghafla na akatokewa na kidonda cheusi amweleze mhudumu wa afya habari hiyo waziwazi, kwa kuwa kimeta hutibika kikigunduliwa mapema. Watu wengi wakiugua baada ya mlo mmoja, uongozi wa afya wa eneo ujulishwe na mabaki ya chakula yahifadhiwe kwa uchunguzi.

Hitimisho

Kuchemsha nyama ni kinga ya thamani. Huua bakteria, virusi na lava za minyoo ambazo zingewadhuru maelfu ya walaji, na hufanya hivyo kwa gharama ya maji na kuni tu. Lakini kinga hiyo hudumu kwa kadiri moto unavyodumu. Sufuria ikishaepuliwa, spora zilizosalimika huanza kuhesabu dakika zao, na mpishi naye anapaswa kuhesabu zake. Kwa hiyo swali la kumwuliza anayeandaa nyama ya watu wengi si kama imeiva peke yake, bali pia imeepuliwa saa ngapi na imekaa wapi tangu hapo.